Ndege ya Kwenda Bwisongwa

Jumatatu, 3 Juni 1996

Daftari hili ni mali ya serikali. Nililichukua siku waliponipunguza kazi, pamoja na penseli mbili. Miaka ishirini na mmoja nilikuwa mpima upepo wa kituo cha hali ya hewa hapa Dodoma, na kila ukurasa bado una safu ya upepo. Leo: wa mashariki, wa wastani, vumbi. Mazoea hayaachi mtu.

Jambo kubwa! Redio imerudia habari ile: watu binafsi ruksa kuendesha usafiri wa anga. Ruksa! Nami ni mtu binafsi. Sijawahi kuwa binafsi kama nilivyo tangu Januari.

Kampuni ninayo tayari. Inaitwa Mbayuwayu. Itaunganisha visiwa vya mbali, vile ambavyo mashirika makubwa hudhani ni uchafu wa nzi kwenye ramani. Mke wangu Emilia, mwalimu wa shule ya msingi, ameuliza kwa nini visiwa, wakati sisi tunaishi mahali ambapo ndoo ya maji hupangiwa foleni. Ameuliza huku akisahihisha madaftari, bila kuinua kichwa. Najibu hapa.

Kila asubuhi saa tatu kamili vituo vyote vilikuwa vikisoma upepo wao kwenye redio koli. Bwisongwa, kisiwa kidogo sana ndani ya Ziwa Viktoria, kilisomwa na mwalimu mkuu wa shule ya pale, Mwalimu Loisi. Miaka kumi na mmoja! Sauti yake kama maji yanayomiminwa mtungini. "Bwisongwa, habari za asubuhi. Upepo wa kusini, ziwa limetulia." Mimi huku naandika, vumbi linagonga dirisha, lakini miguu yangu imo majini na mchanga unatoroka chini ya nyayo. Ziwa lenyewe sijawahi kuliona. Wala bahari.

Asubuhi moja ya mwaka 1989 aliongeza maneno. Alisema mitumbwi haijatoka siku ya nne kwa ajili ya mawimbi, na kuna mama ana uchungu tangu juzi. Mkuu wa kituo akamkumbusha kwamba redio ile ni ya upepo tu. Kesho yake Loisi akasoma upepo tu: wa kusini. Niliona haya kuuliza. Mpaka leo naona haya.

Ndiyo maana visiwa.

Februari nilimwandikia barua rasmi ya Mbayuwayu. Hajajibu.

Jumanne, 4 Juni 1996

Kiwanja cha ndege. Nimezungumza na Elisha, fundi wa ndege ya misheni moja ya hapa mjini. Ndege ndogo, nyeupe, abiria watano. Nilimweleza Mbayuwayu kwa ufupi, dakika arobaini hivi. Akaweka spana chini. Akauliza nina ndege ngapi. Nikamwambia hilo ni swali la mwisho, si la kwanza.

Akanieleza matatizo. Mafuta ya ndege hupelekwa kisiwani kwa mtumbwi, kwa hiyo mtumbwi ukishindwa, ndege nayo imeshindwa. Kiwanja kikikaa wiki mbili bila ndege, mbuzi hukigeuza malisho na mchwa hujenga ghorofa. Abiria leo ni kumi na wanane, wanapigana, halafu wiki tatu hatokei hata mmoja. Ndege huenda imejaa na kurudi tupu, au kinyume chake, kamwe si vyote viwili. Dagaa wakishamwagika, kiti hunuka mpaka Pasaka. Na rubani lazima apime uzito wa kila mtu, pamoja na kuku wake.

Mwisho akasema kisiwa kinachohitaji ndege kuliko vyote ndicho kisichoweza kuilipia.

Nimeyaandika yote. Yananitia moyo sana. Mtu hawezi kuwa na matatizo mengi hivyo bila kuwa na shirika la ndege.

Nimepita kwenye mashine ya kusaga, nikapanda mizani ya mahindi. Kilo sabini na nne. Mwenye mashine akauliza nisagwe dona au sembe.

Alhamisi, 6 Juni 1996

Bunge la bajeti. Mji umejaa magari na suti. Hii ndiyo nguvu yetu watu wa Dodoma: visiwa vyote vya Tanzania, kwa miezi miwili, vinalala gesti zetu.

Nimevaa kaunda suti ya harusi, nimekwenda mtaa wa Area D kumwona mheshimiwa mmoja wa huko ziwani. Nani nimemkuta kwenye kiti cha wageni, amekunja nne? Damas!

Damas alikuwa mpima mvua wa kituo chetu. Mpima mvua wa Dodoma! Miezi saba kwa mwaka anaandika sifuri, na bado alipandishwa cheo kabla yangu. Naye kapunguzwa. Sasa anataka kuviunganisha visiwa vyangu kwa boti la kasi. Damas, ambaye akikuta korongo lina maji ya magotini hurudi nyumbani.

Mheshimiwa alitusikiliza wote wawili huku akila kuku. Akasema mawazo yote ni mazuri. Akauliza lipi litakuwa tayari kabla ya uchaguzi ujao. Damas akasema lake. Nikasema langu litakuwa tayari kabla ya lake. Mheshimiwa akafurahi, akanawa mikono, akatuomba tumsukumie gari.

Tumelisukuma mpaka barabara kuu. Damas alikuwa anagusa tu.

Jumamosi, 8 Juni 1996

Mazoezi ya ratiba, Ihumwa, kwenye mbuga iliyo upande wa pili wa reli. Nimechora visiwa saba kwa chokaa, kila kimoja mahali pake kwa kipimo. Baiskeli ndiyo ndege. Dakika nne kisiwa hadi kisiwa, dakika mbili za kushusha abiria.

Safari ya kwanza, safi kabisa. Safari ya pili, Bwisongwa imekaliwa na ng'ombe. Nikazunguka, nikazunguka. Mwenye ng'ombe ni mzee mmoja Mgogo, Matonya. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akauliza ninachunga nini. Nikamweleza kisiwa ni nini: nchi iliyozungukwa na maji pande zote.

"Pande zote?"

"Pande zote, mzee."

"Na hawaoni mwisho wa hayo maji?"

"Hawauoni."

Akaegemea fimbo. "Sasa hao wana shida gani?"

Tukakaa chini. Mawingu madogo yalikuwa yanapita, na vivuli vyao vinatembea juu ya mbuga polepole, kimoja kimoja, vinapanda vichuguu, vinashuka. Vilima vya mbali vikaanza kuelea. Nyasi zikawa zinakwenda na kurudi. Nikaona kabisa, kwa macho haya, kwamba uwanda huu wote ni maji, nasi wawili tumekaa kwenye kipande cha nchi kavu, na mtu fulani upande wa pili anasubiri kitu kitoke angani. Nikamwambia Matonya shida ndiyo hiyo: kusubiri. Akasema hapo amenielewa, maana yeye husubiri mvua.

Nimetia ratiba chumvi kidogo: dakika kumi za ng'ombe. Nimerudi kwa miguu. Miiba, magurudumu yote mawili.

Jumatatu, 10 Juni 1996

Barua! Kutoka Bwisongwa! Mwandiko wa Loisi ni kama sauti yake.



Anasema barua ya Mbayuwayu aliisoma mbele ya mkutano wa kijiji. Anasema niliandika kwamba ndege itatua mara tu kiwanja kitakapokuwa tayari. (Niliandika hivyo? Nimetazama nakala. Niliandika hivyo.) Basi kiwanja kiko tayari. Kaya arobaini na tatu zimefanya kazi majuma saba. Urefu hatua mia saba. Kandokando wamepanga mawe na kuyapaka chokaa. Wanafunzi wana wimbo. Wanauliza siku.

Na mahali pa tambarare palikuwa pale tu, kwenye shamba la mihogo la mzee Sostenes. Wameing'oa yote.

Halafu hii, nainakili kama ilivyo: "Hatukumlazimisha mzee. Alianza kung'oa yeye mwenyewe kabla ya wengine. Binti yake ndiye yule mama niliyemtaja kwenye redio mwaka ule. Labda hukumbuki. Tulimzika yeye na mtoto ile siku niliyosoma upepo wa kusini."

Nimekwenda nje. Nimesimama nyuma ya simtangi ya maji. Kusini-mashariki, hafifu.

Emilia amerudi kutoka shuleni, nikampa barua. Amesoma amesimama. Kisha amesoma tena ameketi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniambia tu, "Baba Anitha, hawa watu watakula nini?"

Jumatano, 12 Juni 1996

Emilia ameomba ruhusa shuleni, tumekwenda wote kiwanjani. Elisha alipoisikia barua, alinitazama kama nati iliyopotea ndani ya injini. Akaniuliza kama ni kweli nimewaambia watu wang'oe mihogo. Nikasema sikutaja mihogo, nilitaja "vizuizi". Emilia akaniomba ninyamaze. Nikanyamaza. Ni vizuri kampuni kuwa na msemaji mmoja.

Elisha akamwita rubani, Filipo, mtu mpole mwenye miwani. Filipo akasema pole sana mama, lakini ndege ya misheni haitui kiwanja ambacho hakijakaguliwa. Emilia akasema basi kikaguliwe. Filipo akasema ziko taratibu. Emilia akamtazama kama anavyowatazama darasa la sita B. Filipo akasema Ijumaa anapeleka chanjo Mwanza, anaweza kupita juu ya kisiwa na kukitazama. Kutazama tu.

Halafu akauliza, kama mtu anayejisemea, upepo wa huko ukoje mwezi huu.

Hapo nilisahau kwamba nimenyamazishwa. Nikamwambia Juni, Bwisongwa, alfajiri ni shwari, saa tatu kusini hafifu, saa tano unageuka kusini-mashariki na kupata nguvu, mawimbi meupe, saa tisa una vishindo, jioni unalala. Nikamwambia siku mbaya za Juni, mwaka hadi mwaka, tangu 1984 mpaka kituo cha kule kilipofungwa. Nikamwambia ndiyo maana kwenye barua nilielekeza kiwanja kianzie shuleni kielekee ziwani, kusini-mashariki, ndege ikutane na upepo uso kwa uso.

Filipo alivua miwani. Akauliza nimeyasoma wapi haya. Nikasema sikuyasoma, niliyasikiliza.

Akaniambia niandamane nao Ijumaa. Nafasi iliyobaki: kilo sabini.

Emilia alinishika mkono njia nzima ya kurudi. Sijui kama ni mapenzi au alikuwa anazuia nisikimbie. Nimeanza kula machungwa tu.

Ijumaa, 14 Juni 1996

Kilo sabini na mbili. Nimevua viatu, koti, mkanda. Sabini na moja. Filipo akashusha begi lake mwenyewe. Mungu ambariki.

Nimeruka! Mimi! Dodoma ikawa kitambaa chekundu kilichotobolewa na vichaka. Barabara kama uzi. Nikaona kwamba upepo nilioupima maisha yangu yote una mahali unapokaa, na sasa nimo ndani ya nyumba yake. Ilikuwa hali ya kimya na ya ajabu, kama kuota umeshikwa mkono. Ilidumu dakika tisa. Baada ya hapo nilitapika mpaka Shinyanga.

Kisha ziwa. Sikujua. Nimeandika neno "ziwa" mara maelfu na sikujua. Halina rangi moja. Linapumua. Visiwa vimelala juu yake kama vitu vilivyosahauliwa na mtu atakayevirudia. Nikalia na kutapika kwa pamoja. Elisha akanipa mfuko wa pili.

Bwisongwa! Mawe meupe, mistari miwili iliyonyooka kama ya daftari la Emilia. Na katikati ya mistari, watu. Kisiwa kizima. Wamesimama kiwanjani, wanaimba, wanapunga matawi. Filipo akashuka kuwaonyesha waondoke. Wakapunga zaidi. Akazunguka mara ya pili. Wakacheza. Mara ya tatu nikamwona mwanamke mmoja aliyevaa gauni la bluu akitoka mbio na kengele ya shule. Akaipiga, na kisiwa kizima, wazee kwa watoto, kikajipanga mistari pembeni. Mwalimu Loisi. Nilimjua kabla hajainua uso.

Kiwanja kikabaki wazi. Tukakiona. Mashimo. Kila shina la mihogo liliacha shimo lake, mamia kwa mamia, udongo umesawazishwa juu juu tu. Filipo akatikisa kichwa. Gurudumu likiingia pale, alisema, hatutoki.

Nikamsihi. Nilisema maneno ambayo msemaji wa kampuni asingeyakubali. Akasema, kwa upole, kwamba akituvunja leo hakuna ndege itakayokuja tena kisiwani hapa, hata miaka ishirini.

Elisha akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: FUKIENI MASHIMO. SHINDILIENI KWA MAGOGO. TUTARUDI KUTAZAMA. Hatukuwa na kitu cha kufungia. Nikavua soksi yangu, akatia karatasi na nati nzito, tukaitupa. Loisi akaikimbilia. Aliifungua, akasoma, akainua mkono. Nami nikainua wangu. Ndege ikapinda, na kisiwa kikateleza nyuma ya bawa.

Miaka kumi na mmoja ya kila asubuhi, na zawadi yangu ya kwanza kwake ni soksi.

Jumapili, 16 Juni 1996

Nyumbani. Nimelala siku nzima na kitanda kinapaa. Emilia amenitaka niandike barua ya kweli: kwamba Mbayuwayu haina ndege, haina rubani, haina ofisi, na kwamba mihogo ipandwe kokote itakapoota. Alisimama nyuma ya kiti mpaka nikamaliza. Akaisahihisha kwa kalamu nyekundu. Akaitumbukiza mwenyewe kwenye sanduku la posta.

Pia amekusanya shuleni kwake magunia mawili ya mtama, mchango wa walimu na wazazi, na Filipo amekubali kuyapeleka hadi Mwanza, mtumbwi uyachukue. Mtama wa Dodoma! Sisi ndio wa kupewa chakula cha msaada siku zote. Watu walicheka, wakatoa.

Jumanne, 2 Julai 1996

Elisha alikuja nyumbani kwa baiskeli. Hajawahi kuja. Alikaa, akanywa chai, akasema.

Walifukia mashimo kwa siku nne. Walishindilia kwa magogo na kwa kucheza ngoma juu yake. Filipo alipita tena Alhamisi, akatua. Akakikagua hatua kwa hatua. Akiwa pale pale, wakamletea mama aliyebebwa kwenye kitanda cha kamba, mtoto amekaa vibaya tumboni. Wakatoa kiti kimoja, wakamlaza. Wakaondoka saa tatu, upepo wa kusini, hafifu. Saa nne na nusu alikuwa hospitali Mwanza. Mtoto wa kike. Wote wazima.

Misheni itapeleka mganga Bwisongwa Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, hali ya hewa ikiruhusu. Mbayuwayu haikutajwa popote. Nilimuuliza Elisha mara mbili.

Loisi ametuma salamu. Barua yetu ya kweli ameipata. Anasema walijua tangu Machi kwamba mtu mwenye ndege haandiki kwenye karatasi ya kupimia upepo. Mzee Sostenes alisema walime kiwanja hivyo hivyo, maana mwenye ndege haoni kisiwa, ila anaona kiwanja.

Emilia alilia waziwazi. Mimi nilikwenda kutazama kama simtangi inavuja.

Alhamisi, 4 Julai 1996

Nimemsikia mheshimiwa bungeni, redioni, akijipongeza kwa kiwanja cha Bwisongwa, "kilichotokana na jitihada zangu binafsi". Akamshukuru pia mshauri wake wa mambo ya anga. Bwana Damas!

Wa anga! Mpima sifuri!

Nimezima redio. Nimeiwasha tena kuhakikisha. Nimeizima. Emilia amesema mama yule na mtoto wake ni wazima, na hilo linatosha. Ni kweli. Linatosha kabisa. Nimezunguka nyumba mara sita likiwa linatosha.

Jumapili, 7 Julai 1996

Sabasaba. Mapumziko. Emilia ametoka kanisani, amekwenda kwa dada yake Mpwapwa, atarudi kesho. Nyumba shwari. Mashariki, hafifu, anga safi.

Nimetafakari kwa kina, kama alivyoniagiza. Nimekubali makosa yangu. Kosa kubwa lilikuwa moja: niliandikia kisiwa kimoja tu. Shirika la ndege haliwezi kusimama juu ya kisiwa kimoja.

Kwa hiyo leo, kuanzia asubuhi mpaka sasa, nimeandika barua kwa visiwa kumi na vinne, vya ziwani na vya baharini. Nimewaeleza urefu wa kiwanja, upana, chokaa, na namna ya kufukia mashimo. Nimewaambia wasisimame katikati.

Safari hii hakuna udanganyifu. Nimewaambia waziwazi kwamba ndege bado hatuna. Nimeliandika hilo mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, lisije likawavunja moyo.